Kuwafundisha Watoto Maneno Mapya



Wengi wenu mna watoto shuleni, na jioni mwawasikiliza wasomapo. Tena ninyi wenyewe mwajifunza kusoma. Basi somo hili lawahusu mara mbili. Twauliza hivi: neno jipya huingiaje akilini mwa mtoto, likakaa?

1. Sharti neno lieleweke

Mtoto aweza kutamka neno vizuri, hata kuliandika ubaoni, asijue maana yake. Huyo ni kama mtu achukuaye mfuko uliofungwa: auona uzito wake, lakini hajui kilichomo.

Tukumbuke yaliyotupata. Tangu Agosti 2018 hata Juni 2020 ugonjwa wa Ebola ulienea Beni, Butembo na sehemu nyingine za mashariki ya Kongo, ukaua watu zaidi ya 2,200. Siku zile maneno kama dalili, kuambukiza na chanjo yalisemwa kila mahali. Aliyejua ya kuwa dalili ni alama ya ugonjwa, kama vile homa au kutapika, aliweza kutambua saa ya kutafuta msaada. Asiyejua alisikia sauti tu. Kwa hiyo neno moja lililoeleweka laweza kuokoa nyumba nzima.

2. Tuanze na yale mtoto ayajuayo

Watoto wengi wa kwetu huanza kusema Kinande. Lugha hiyo si kizuizi, bali ni ngazi. Katika Kinande omundu ni mtu, omwana ni mwana, omuti ni mti, enyumba ni nyumba. Mwalimu aandike maneno hayo mawili mawili, kisha watoto watafute mengine. Watafurahi kuona ya kuwa lugha ya mama yao na Kiswahili ni ndugu.

Tena, tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza watu wengi makwao, na watoto wa mahali mbalimbali hukutana katika darasa moja. Majani ya muhogo sisi twayaita sombe. Wasemao Kilingala huyaita pondu. Huko Tanzania ni kisamvu. Mtoto aletaye jina jingine asichekwe. Jina lake liandikwe ubaoni pamoja na mengine, maana limekuwa mali ya wote. Aliyechekwa mara moja hunyamaza, na anyamazaye hajifunzi.

3. Kitu kwanza, jina baadaye

Mwaka 1658 mwalimu mmoja wa Ulaya, jina lake Comenius, alitoa kitabu cha picha kwa watoto. Kando ya picha yaliandikwa majina ya vitu, kwa Kilatini na kwa Kijerumani. Sisi hatuna vitabu vingi, lakini vitu tunavyo. Mtoto alete jembe, ashike mpini, aonyeshe makali. Chukudu ikipita njiani, wataje gurudumu, usukani na mzigo.

Maneno ya kutenda yafundishwe kwa kutenda. Mwalimu aseme: «Sukuma!», nao wasukume benchi. Aseme: «Kokota!», nao wakokote. Aseme: «Inua!», nao wainue. Hapo mikono itawafundisha tofauti ambayo maelezo marefu yangeshindwa kuieleza.

4. Maneno yana jamaa zake

Chukua neno kulima. Ndani yake hutoka mkulima, kilimo na kulimika. Ukishika shina, matawi hayakusumbui. Mtoto ajuaye kusoma na msomaji, akikutana na neno mwombaji, atalifahamu bila kuambiwa.

5. Mchezo wa vitendawili

Wazee wetu walifundisha jioni, karibu na moto, nasi tufanye vivyo hivyo.

— Kitendawili!
— Tega!
— Mtini nilikuwa mwekundu, juani nikakauka, motoni nikawa mweusi, sasa wananinywa.
— Kahawa!

Kisha kila mtoto atunge chake kwa neno alilojifunza siku ile. Hawezi kulificha neno katika kitendawili asipoijua maana yake vema.

6. Kurudia kwa nafasi

Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alieleza majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Aliona ya kuwa tuliyojifunza hupotea upesi mwanzoni, lakini kuyarudia kwa nafasi huyaimarisha. Basi neno la leo liulizwe tena kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma. Nanyi msiwape watoto maneno hamsini kwa siku moja. Matano yatosha, mradi kila mtoto atunge sentensi yake mwenyewe, wala asirudie ya mwalimu.

MASWALI

Je, mtoto akitamka neno vizuri, amekwisha kulijua?
Hapana. Alijua aonyeshapo kitu chenyewe au kulitumia katika maneno yake mwenyewe.

Tuanzie wapi kufundisha?
Katika lugha na vitu ambavyo mtoto anavijua tayari.

Neno jipya lirudiwe lini?
Kesho yake, baada ya siku tatu, na baada ya juma.

Kazi ya juma hili: Chagua maneno matano ya shambani au ya jikoni. Mfundishe mtoto mmoja kwa kitu, kwa tendo na kwa kitendawili. Jumapili ijayo mwulize tena, naye akufundishe wewe.