Somo la kiangazi: Tuhesabu viwavi mbele ya kupiga dawa

Ndugu wanachama wa koperative, kiangazi hiki, mashamba yakiwa yanapumzika, tujifunze hesabu moja. Mwezi wa 9, Msimu A ukianza, itatulindia mahindi na mfuko.

Kiwavi jeshi, aliyeonekana Afrika mwaka 2016, anakula moyo wa muhindi. Wengi wetu tukiona jani lenye matundu, tunakimbilia dawa. Tungoje kwanza.

1. Kuhesabu

Tembea shambani kwa zigizagi, simama pahali 5. Kila pahali angalia mashina 20. Jumla ni 100. Hesabu yale yenye matundu mapya na mavi mabichi ndani ya moyo. Mahindi yakingali madogo, na walioguswa hawafike 20 juu ya 100, usipige dawa: ponda mayai na viwavi kwa mikono. Yakiisha kukomaa kidogo, lakini hayajatoa maua, ngoja mpaka 40.

2. Juu ya nini tungoje?

Tuseme shambani kuko viwavi 1000. Kati yao 10 wamezaliwa na nguvu ya kuvumilia dawa. Dawa inaua 9 juu ya 10 ya wale wengine 990. Wanabaki 99, pamoja na wale 10 wenye nguvu.

Waliobaki wanazaa mpaka 1000 tena, na watoto wanafanana na wazazi. Sasa wenye nguvu ni karibu 92. Piga dawa ile ile: wanabaki 91 wa kawaida na 92 wenye nguvu. Nusu kwa nusu! Wakizaa tena na ukipiga mara ya tatu, wanabaki 50 wa kawaida na 500 wenye nguvu. Hapo njo dawa inakuwa kama maji, na pesa imeenda. Dawa haikumfundisha kiwavi kitu. Imewachagua tu wale wenye nguvu.

3. Tufanye nini?

- Tupige dawa tu hesabu ikituambia.
- Tusirudilie dawa ile ile. Tusome kwenye chupa kitu kinachoua, maana majina mawili yanaweza kuficha dawa moja. Tumuulize agronome.
- Tuwaache siafu na nyigu: wanakula viwavi bure.

Zoezi la kikundi: Mulete maharagwe, meupe 990 na mekundu 10. Murudilie hesabu mezani. Je, kama tunapiga dawa mara moja tu, mekundu yanabaki ngapi?