Kughani na Ala: Maswali Yanayonikera

Barua zimetoka Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, na Malaba na Tororo. Za namna ya kushika maikrofoni nimeziweka kando. Maikrofoni hushikwa kwa mkono.

Wazee wanasema kughani juu ya muziki tumeiga Marekani. Tuwajibu nini?

Uvumi huu umenichosha. Wamarekani The Last Poets na Gil Scott-Heron walitoa santuri zao za kwanza mwaka 1970. Mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay kurekodi mashairi ya Kiswahili kwa ala mwaka 1928. Mtasema huko ni kuimba, si kughani. Haya, shukeni kusini kidogo hadi kwa Wajaluo, mtazame pakruok. Nyatiti, ala yao ya nyuzi, inalia, mtu anatoa pesa, mpigaji anapunguza au anasimamisha kabisa, na yule mtu anajisifu, anawasifu rafiki zake, kwa maneno ya kupambwa. Akimaliza, nyatiti inapokea. Mpigaji huyo ana nyuzi nane mkononi, njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu anayogongea ala, na bado anamsikia msemaji! Hapo ndipo vijana wetu wanaposhindwa: biti inaanza, mshairi anaikimbiza, wanapigiana kelele mpaka mwisho, na hadhira haijaambulia hata ubeti mmoja. Kwa hiyo wazee waambieni hatukuiga Marekani. Tumesahau ya nyumbani.

Niweke biti gani? Akogo au gitaa? Ngoma ngapi? (Barua hizi ni nyingi, nazijibu pamoja.)

Kwanza lighani shairi kavu, bila ala, ukipiga makofi kwenye mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo ngoma haihangaiki kuupata. Lugha za Olusamia na Dhopadhola zina toni: tuni ikipandisha sauti mahali neno linaposhuka, maana inaharibika. Hapo ala ishike noti moja na kutulia. Akogo, ala ya Waiteso ya kupigwa kwa vidole gumba, naipenda kwa kazi hii, kwani mlio wake ni mfupi na haufuniki konsonanti, ila ipewe maikrofoni yake. Gitaa lidonolewe, lisikwanguliwe. Ngoma moja yatosha, nayo iingie mshairi anapovuta pumzi.

Umeme ukikatika katikati ya shairi?

Endelea.

Kuna muuzaji sokoni mwenye dawa ya kunoa sauti: mayai mabichi, asali na mizizi. Inafaa?

Inamfaa yeye. Unachomeza hushuka kwenye umio, hakigusi nyuzi za sauti. Kunywa maji, lala, acha kupiga kelele kwenye mazoezi. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, nenda hospitali.

Nitumie biti niliyoipakua bure?

Ina mwenyewe. Pata ruhusa yake kwa maandishi.

Mpiga adeudeu (kinubi cha Waiteso) wetu ni mzee. Tumpe soda na nauli tu, maana anafurahia kualikwa?

Nani kawaambia anafurahia? Mmemfanyisha mazoezi, mmeazima tuni zake, kisha bango lina picha ya mshairi peke yake. Mgao uwe sawa, na jina la mzee liandikwe kwa herufi za ukubwa ule ule. Mlipeni kabla hajapanda jukwaani, tena kwa shilingi ya upande anakolala, msimwachie hasara ya kubadilisha pesa mpakani.