Akiba ya Fuso haiwezi kuwa sifuri

SWALI: Watu x wakikodi Fuso kwa shilingi 60,000 kupeleka vitunguu saumu mnadani, kila mmoja hulipa 60,000/x. Wakiongezeka wawili, hulipa 60,000/(x + 2). Kila mmoja ameokoa kiasi gani? Nilitoa juu kwa juu, chini kwa chini, nikapata 0/(−2), yaani sifuri. — Mwanafunzi wa kidato cha pili, Dongobesh, Mbulu

JIBU: Sifuri ina maana hakuna aliyeokoa hata senti, na mkulima yeyote wa Mbulu atakukatalia. Asili hazitolewi, zinasawazishwa kwanza.

Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha x na x + 2 ni x(x + 2). Sehemu ya kwanza izidishe juu na chini kwa (x + 2), ya pili kwa x. Sasa toa viasi peke yake:

60,000(x + 2) − 60,000x = 120,000

Akiba ni 120,000/[x(x + 2)]. Jaribu x = 4: kutoka 15,000 hadi 10,000 ni 5,000, na 120,000 kwa 24 ni 5,000 pia.

Mtego mkubwa zaidi ni mabano. Katika 3/(x − 2) − 2/(x + 1), juu tunapata 3(x + 1) − 2(x − 2). Wengi huandika 3x + 3 − 2x − 4, wakasahau kuwa −2 mara −2 ni +4. Jibu ni (x + 7)/[(x − 2)(x + 1)].

Chini acha mabano kama yalivyo, usiyafungue. Na kabla ya kukabidhi karatasi, weka namba moja mahali pa x uhakiki.