Nyumba Zetu Zasema Nini? Somo Kutoka Vuga

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo, ndugu wasomaji, tuifuate methali hiyo kwa maana yake iliyo wazi kabisa. Tuingie katika nyumba, tutazame zilivyojengwa, tupate kujua majirani wa zamani waliishije na wa siku hizi waishije. Shule yetu ni Vuga, katika milima ya Usambara, mkoani Tanga.

Vuga palikuwa makao ya wafalme wa Kikilindi. Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton alifika huko wakati wa mfalme Kimweri ye Nyumbai. Aliandika kwamba aliona nyumba zipatazo 500, naye akaambiwa kuwa wakazi walikuwa 3,000. Nyumba zenyewe zilikuwa za msonge, yaani za mviringo, zimesukwa kwa fito na kuezekwa kwa majani. Mlango ulikuwa mfupi, madirisha hayakuwapo, na moto uliwaka ndani. Mtu wa leo atasema: giza na moshi! Lakini mjenzi alijua alilofanya. Milima ile ina baridi na mvua nyingi. Moto ulipasha joto, na moshi ulipopanda darini uliwafukuza wadudu katika nafaka na katika majani ya paa. Mifugo nayo ililala ndani pamoja na wenyewe, ikisalimika na baridi na wezi, na samadi yake ikaenda kurutubisha migomba iliyozunguka kijiji.

Tena kuna jambo jingine, nalo ndilo kiini cha somo letu. Paa la majani halidumu. Baada ya miaka michache huvuja, na mwenye nyumba hana budi kuwaita watu. Huyu akata miti, huyu aleta majani, huyu afunga kamba, na wanawake wapika chakula cha wajenzi. Mwaka huu kwako, mwaka ujao kwangu. Basi paa lile bovu lilikuwa kama kengele: kila lilipovuja, liliwakusanya majirani. Hata wawili waliogombana iliwapasa kupatana kabla ya masika.

Kimweri alipofariki, yapata mwaka 1862, ugomvi uliingia katika ukoo wake. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini ya milima, karibu na njia ya misafara iliyopeleka pembe za ndovu na watumwa pwani, na kurudi na nguo na bunduki. Semboja aliiteka Vuga, lakini hakuhamia huko. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, naye mwenyewe akabaki Mazinde. Tazameni jinsi mahali pa nyumba panavyofunua moyo wa mwenyewe. Baba alikaa juu, kwenye migomba na watu wake. Mwana alikaa chini, kwenye njia ya biashara. Matunda yake yalikuwa vita, na watu wengi wakauzwa.

Baadaye zikaja nyumba za pembe nne. Zilikuwa desturi ya pwani, nazo zikazidi kuenea siku za Wajerumani, ambao reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Nyumba ya pembe nne yaweza kuongezwa chumba, nayo yakubali dirisha. Wala dirisha si pambo tu. Pale Vuga Walutheri walikuwa na kiwanda cha kuchapa vitabu, na vitabu vyake vilisomwa mbali sana na Usambara. Mtoto aliyeanza kusoma alihitaji mwanga na mahali pa kuweka kitabu. Hivyo ukuta uliotobolewa dirisha watuonyesha kizazi kilichokwenda shule, kama vile dari lenye masizi lituonyeshavyo kizazi kilichoishi kwa akiba ya nafaka.

Kisha yakaja mabati na matofali ya kuchoma. Tusiyadharau. Bati lamwondolea mama kazi ya kuezeka upya, nalo likiwekewa mfereji ukingoni lampatia maji ya mvua mlangoni pake. Lakini bati lina upungufu mmoja: halimwiti jirani. Ladumu miaka mingi, na fundi wake hulipwa fedha, akaenda zake. Mwenye nyumba aweza kuzeeka bila kuomba msaada wa mkono wa mtu, wala kuombwa.

Matokeo yake twayaona katika viwanja vingi, si Usambara tu. Kiwanja kimoja kina nyumba tatu: kijumba cha udongo cha bibi, nyumba ya baba, na nyumba kubwa ya matofali ya kijana aliye Dar es Salaam, ambayo hufungwa mwaka mzima hata Krismasi au Idi. Bibi akohoa moshini, huku vyumba vitatu vikikaa vitupu hatua kumi kutoka kwake! Na jirani apitapo hutazama mabati, akapima utu wa kila mmoja kwa yale aonayo. Je, hayo ndiyo tuliyoyajengea?

Hatusemi turudi kwenye msonge. Twasema hivi: kazi ile iliyofanywa na paa bovu, sasa yatupasa tuifanye wenyewe kwa kusudi. Kijana ajengaye na aanze kwa kumwuliza mzee wake atalala wapi, na ufunguo na aukabidhi kwa mtu wa pale pale. Mwenye pipa la maji ya mvua na amkumbuke jirani ashukaye mtoni. Na kabla ya kubomoa nyumba ya wazee, watoto na waitwe waelezwe ni nani aliyeijenga, na mikono ya nani ilimsaidia.

Jioni ya leo, wazazi, waulizeni watoto maswali haya. Babu alizaliwa katika nyumba ya namna gani? Ni jirani yupi aliyesaidia kuijenga? Na nyumba yetu hii, ni nani aliyewahi kuingia ndani bila kuwa na shida ya fedha wala ya msiba? Kama swali la mwisho halina jibu, nyumba bado haijakwisha kujengwa, hata ikiwa imeezekwa.