Mchezo Unapokwama Katika Kompyuta: Pima Kwanza, Ndipo Ununue

Jioni moja ya mwezi wa Februari, katika joto la kaskazi ambalo kila mkazi wa Mabawa analijua, niliitwa kwa jirani ili nitoe shauri. Kijana wa nyumba ile, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa na kompyuta mpakato iliyonunuliwa mtumba. Kila alipocheza mchezo wa mpira, wachezaji walikimbia vizuri kwa muda wa dakika kumi, kisha wakaanza kurukaruka na kuganda. Fundi mmoja alikwisha sema kwamba mashine ile imechoka, inunuliwe nyingine. Mama yake alikuwa tayari kutoa fedha alizoziweka kwa ajili ya kuezeka chumba cha uani, maana kompyuta hiyo ndiyo iliyotumika pia kwa masomo na kwa hesabu za genge lake.

Nikamwuliza kijana, "Fundi alipima nini?"

Akajibu, "Shikamoo mwalimu. Hakupima kitu. Aliuliza tu imenunuliwa mwaka gani."

Basi wanafunzi, hapo ndipo somo letu linapoanza. Katika maabara hatusemi neno mpaka tumepima, tena hubadilisha jambo moja tu kila mara, tukaandika matokeo. Kanuni hiyo ndiyo itakayotuongoza leo.

Mwendo wa mchezo ni nini?

Mchezo wa kompyuta ni picha nyingi zinazofuatana upesi hata jicho likaona mwendo. Kompyuta ikitoa picha 60 kwa sekunde, kila picha ina muda wa milisekunde 16.7 tu wa kutengenezwa. Milisekunde ni sehemu moja katika elfu ya sekunde. Ikitoa picha 30, muda huo ni milisekunde 33.3. Picha moja ikichelewa, jicho huona mshtuko. Kwa hiyo swali letu si "Kompyuta ni nzee au mpya?" bali "Ni kiungo gani kinachochelewesha picha?"

Katika kompyuta yenye Windows, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litafunguka, nawe utaona kazi ya prosesa, ya kumbukumbu, ya diski na ya kadi ya picha. Liache wazi, cheza robo saa, kisha rudi ulitazame.

Dalili na vyanzo vyake

Kwanza, joto. Ikiwa mchezo huanza vizuri, kisha huharibika baada ya dakika kadhaa, shuku joto kabla ya jambo lingine. Prosesa nyingi zikikaribia digrii 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Ile namba ya kasi inayoandikwa kwa gigahezi itashuka sana wakati mchezo ungali ukiendelea. Kwetu pwani hewa yenyewe ina joto, vumbi huingia kutoka barabarani, na wengi wetu huiweka mashine juu ya godoro, likaziba matundu ya chini. Feni huzunguka bure ikiwa hewa haina njia.

Pili, kumbukumbu ya kazi, yaani ramu. Ikijaa, kompyuta hulazimika kuweka sehemu ya kazi katika diski, na diski ni ya polepole kuliko ramu kwa mbali sana, hasa ile ya zamani inayozunguka. Dalili yake ni kuganda kwa ghafula, na taa ya diski kuwaka mfululizo. Funga programu nyingine zote, hasa kivinjari chenye kurasa nyingi, kisha pima tena.

Tatu, kadi ya picha. Ikiwa mwendo ni mzito tangu mwanzo hata mwisho, na kadi ya picha inafanya kazi kwa asilimia karibu 100, basi imetwikwa mzigo usioiwezekania. Picha ya upana wa 1920 na kimo cha 1080 ina nukta 2,073,600. Ukiishusha kuwa 1280 kwa 720, nukta ni 921,600, yaani mzigo umepungua zaidi ya nusu bila kutoa hata shilingi moja. Kisha punguza vivuli, nao ni wala-nguvu wakubwa.

Nne, umeme. Kompyuta mpakato nyingi hupunguza kasi zikitumia betri. Hakikisha chaja imeingia, tena ni yenye nguvu inayotakiwa na mashine hiyo.

Tano, mtandao. Hapa wengi hukosea. Ikiwa picha zinatiririka vizuri lakini mpinzani wako wa mbali anaruka kutoka mahali hata mahali, kosa si la kompyuta. Mwanga ndani ya waya wa kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kituo cha mchezo kikiwa umbali wa kilomita 6,000, kwenda na kurudi ni kilomita 12,000, na safari hiyo haiwezi kupungua milisekunde 60. Hata ukinunua kompyuta ya bei kubwa namna gani, umbali huo hautafupika.

Tuliyoyaona usiku ule

Tuliacha dirisha wazi, kijana akacheza. Katika dakika ya tisa kasi ya prosesa ilianguka ikawa chini ya nusu, na hapo hapo wachezaji wakaanza kuganda. Kumbukumbu ilikuwa haijajaa. Chanzo kikajulikana. Tukazima mashine, tukachomoa chaja, tukafungua kifuniko cha chini na kuitenga betri. Mbele ya feni palikuwa na utando wa vumbi na nyuzi za nguo, mzito kama kipande cha blanketi. Tukaushika usukani wa feni kwa kijiti usizunguke, tukautoa uchafu kwa brashi laini na kavu. Maji hayakutumika hata tone. Kisha mashine ikawekwa juu ya ubao, mbali na godoro. Kijana akacheza nusu saa nzima, na kasi haikuanguka.

Sisemi kwamba kila mashine hupona hivyo. Ziko kompyuta ambazo kweli ni dhaifu kwa mchezo unaotakiwa. Soma mahitaji ya mchezo kabla ya kuununua, ulinganishe na mashine yako. Na asiyejua kufungua asifungue peke yake, bali asimame karibu na fundi amwulize amepima nini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kabla ya kuziba, shurti uujue ufa uko wapi.

Chumba cha uani kiliezekwa mwezi wa Machi, kabla ya masika.

Maswali

1. Kompyuta inatoa picha 45 kwa sekunde. Kila picha ina muda wa milisekunde ngapi?
2. Picha ya 1600 kwa 900 ina nukta ngapi? Ni asilimia ngapi ya picha ya 1920 kwa 1080?
3. Mwenzako amesafisha feni, ameongeza ramu na kupunguza vivuli siku moja, na mchezo umepona. Kwa nini hawezi kujua dawa ilikuwa ipi?