Wanyama wa Mbuga ya Queen Elizabeth

Watu wengi huingia katika mbuga ya wanyama mara moja tu. Huhesabu tembo, huhesabu simba, kisha hurudi kwao wakisema wameona yote. Sisi tumekwenda Mbuga ya Taifa ya Queen Elizabeth, kusini-magharibi ya Uganda, mara 6 tangu mwaka 2012, na yapo mambo tuliyoyaona safari ya kwanza ambayo maana yake ilitufunukia safari ya nne au ya tano.

Mbuga hii iliwekwa mwaka 1952, nayo ina eneo la kilomita za mraba 1,978. Katikati yake hupita mfereji wa Kazinga, ambao haukuchimbwa na mtu. Maji yake hutoka Ziwa George kwenda Ziwa Edward. Hapo, pale Mweya, ndipo tulipopanda mashua mara ya kwanza. Viboko walikuwa wengi hata mwenye mashua alipita polepole, kama mtu apitaye gizani kati ya mikeka ya watu waliolala. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Wote hawa wanakula nini?" Swali lile lilikuwa bora kuliko picha zote tulizopiga siku ile.

Kiboko hushinda majini mchana, na usiku hupanda nchi kavu kula majani. Katika miaka ya 1950 viboko walizidi mno, hata ardhi ya kando ya maji ikabaki tupu na mvua ikaichukua. Wakuu wa mbuga wakaona hapana budi kuwapunguza, na kufikia mwaka 1967 walikuwa wameua viboko wapatao 7,000. Majani yakaota tena, nao nyati, walao majani yaleyale, wakaongezeka. Kwa hiyo kila tuonapo nyati wazee wamelala topeni kando ya viboko, hatuwatazami tena kama majirani tu. Mamba nao huota jua papo hapo, ingawa katika miaka ile ya 1950 na 1960 hawakuwako katika maji haya.

Safari ya pili ilikuwa Februari, majira ya kiangazi, wakati tembo washukapo kwenye maji kundi kwa kundi. Walivuka njia mbele ya gari letu, akina mama na watoto wao, bila haraka yoyote. Mwongozaji wetu, mzee wa makamo, alizima mashine akasema, "Zamani mngewatafuta siku nzima." Hakutia chumvi. Katika miaka ya 1960 mbuga ilikuwa na tembo wapatao 4,000. Kufikia mwaka 1980, baada ya utawala wa Idi Amin na vita, na bunduki kuenea kila mahali, walibaki kama 150. Wengine waliuawa kwa ajili ya pembe, wengine walikimbilia Kongo. Baadaye Kongo nako kulipochafuka, tembo walirudi upande huu. Mpaka kwao si kitu.

Lakini simba ndio waliotushughulisha kuliko wote. Kule Ishasha, kusini ya mbuga, hupanda mikuyu na kulala juu ya matawi, miguu ikining'inia. Wengine husema wanakimbia joto na inzi, wengine kwamba wanatafuta mahali pa kuangalia mbali. Mwaka 2013 tuliwaona 5 katika mti mmoja. Safari zilizofuata tuliona miti mitupu mara nyingi zaidi, na sababu yake si fumbo. Simba akila ng'ombe, mwenye ng'ombe hutia sumu katika mzoga. Mwezi wa Aprili 2018 simba 11 walikufa kwa sumu karibu na kijiji cha Hamukungu, na Machi 2021 simba 6 wakakutwa wamekufa Ishasha. Kwa mchungaji aliyepoteza ng'ombe wa karo ya watoto, simba si pambo. Jambo hilo wageni hulisahau upesi.

Wasomaji huenda wamesikia habari za simba Jacob, aliyepoteza mguu mmoja wa nyuma katika mtego. Mwezi wa Februari 2024, usiku, yeye na ndugu yake Tibu waliogelea kuvuka Kazinga, zaidi ya kilomita moja, kati ya viboko na mamba wale wale tuliowaeleza. Walijaribu wakarudi, wakajaribu tena, mpaka wakafika ng'ambo. Wataalamu waliokuwa wakiwatazama kwa kamera ya angani hudhani walikuwa wakitafuta majike, kwa maana majike wamekuwa wachache, na saa chache kabla ndugu hao walikuwa wameshindwa katika vita na madume wengine. Daraja liko, lakini hapo pana watu.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule tulikwenda Kasenyi alfajiri. Swala waitwao kob walikuwa uwanjani mwao, kila dume akilinda kipande chake kidogo cha ardhi na kumfukuza jirani. Simba hatukumwona. Mwongozaji alituonyesha nyayo mbichi njiani, za jike na watoto 2, zikielekea majini.