Ukoko wa Chokaa: Asili Yake, Madhara Yake na Jinsi ya Kuuondoa

Kila achemshaye maji ya kisima kwa muda mrefu hujua jambo hili. Birika lililoingia jikoni likimetameta ndani, baada ya miezi michache huwa limevaa koti jeupe, gumu, lisilotoka kwa kitambaa wala kwa sabuni. Wengi huliita uchafu. Si uchafu; ni jiwe. Katika makala hii nitaeleza jiwe hilo latoka wapi, ladhuru nini, na kwa nini kuliondoa ni kazi ya akili kuliko ya nguvu.

ASILI YAKE

Maji ya mvua, yapitapo angani na udongoni, huchukua hewa ya kaboni dioksidi na kuwa tindikali dhaifu. Yakikuta mawe ya chokaa ardhini, au matumbawe kama yale ya pwani ya Afrika Mashariki, huyala kidogo kidogo na kubeba chumvi iitwayo kalsiamu baikaboneti. Chumvi hiyo haionekani kwa macho, lakini mfuaji nguo huitambua upesi, kwa kuwa sabuni yake haitoi povu. Haya ndiyo tuyaitayo maji magumu.

Maji hayo yakipata moto, kalsiamu baikaboneti huvunjika na kutoa vitu vitatu: maji, kaboni dioksidi, na kalsiamu kaboneti. Hiki cha tatu karibu hakiyeyuki majini. Basi huganda, na huganda zaidi pale penye joto jingi. Ni kitu kile kile kilichomo katika ganda la yai, na katika mawe ya matumbawe yaliyojengewa nyumba za kale za Lamu na Unguja.

MADHARA YAKE

Chuma hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko ukoko huu. Kwa hiyo jikoni, birika lenye ukoko mnene hula kuni nyingi kwa maji yale yale.

Katika boila za viwandani jambo ni zito zaidi. Moto uko upande mmoja wa bomba la chuma, na maji upande wa pili. Maji ndiyo yanayokipoza chuma kisipate moto kupita kiasi. Ukoko ukiingia katikati, maji hayakigusi chuma tena. Chuma hulegea, bomba huvimba, na mwisho hupasuka, na mvuke wenye shinikizo kubwa huwatokea wafanyakazi waliosimama karibu. Hata mafundi wa garimoshi za mvuke walilijua hilo. Walizisimamisha kwa zamu, wakafungua boila na kuziosha ndani, kwa sababu maji ya vituo vya njiani hayakuwa sawa.

KAZI YA ASIDI

Kukwangua kwa chuma huacha mikwaruzo, na ndani ya bomba jembamba mkono haufiki. Ndiyo maana viwandani hutumia asidi, mara nyingi ya haidrokloriki iliyozimuliwa kwa maji. Sisi wa Kidato cha Nne tunaifahamu kanuni yake:

CaCO3 + 2HCl → CaCl2 + H2O + CO2

Tuipige hesabu. Gramu 100 za kalsiamu kaboneti zahitaji gramu 73 za asidi, na hutoa gramu 44 za kaboni dioksidi. Basi kilo 1 ya ukoko hutoa gramu 440 za hewa hiyo, yaani lita 240 hivi katika joto la kawaida la chumbani. Hesabu hii ndogo yatufundisha mambo mawili. Kwanza, chombo kinachosafishwa kwa asidi kisifungwe kamwe. Hewa ipate pa kutokea. Pili, kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, nayo hutuama chini ya tangi. Mtu akiingia humo kabla ya hewa kubadilishwa na kupimwa, aweza kufa bila kunusa dalili yo yote.

ASIDI HAINA MACHO

Asidi haijui ukoko unakoishia wala chuma kinakoanzia. Ikimaliza kula jiwe huendelea kula bomba, na hapo hutoa haidrojeni, hewa ambayo huweza kulipuka ikikutana na cheche. Kwa hiyo wanakemia hufanya mambo matatu. Hutia ndani ya asidi dawa ya kizuizi, ambayo hushika juu ya chuma kitupu na kuikinga. Kisha, kila baada ya muda, huchota asidi kidogo na kuipima nguvu zake kwa bureti, kama tufanyavyo katika maabara yetu. Asidi ikiwa haipungui tena, ni dalili kwamba ukoko uliokuwa ukiliwa umekwisha. Huchunguza pia kiasi cha chuma kilichoyeyuka. Kikizidi, kazi husimamishwa. Mwishoni boila husuuzwa kwa maji mengi, na asidi iliyosalia huuawa kwa soda.

Tena si kila ukoko ni kaboneti. Upo wa kalsiamu salfeti, ambao asidi hii huuyeyusha kwa shida. Huo huchemshwa kwanza na sodiamu kaboneti, mfano wa soda inayotokana na magadi ya Ziwa Magadi huko Kenya. Salfeti hugeuka kaboneti, ndipo asidi huipata. Upo pia wa silika, mgumu kama kioo. Asidi ya haidrofloriki inayoweza kuuyeyusha hupenya ngozi na kudhuru hata mifupa, wala si kazi ya mtu asiyefundishwa.

NYUMBANI NA JIKONI

Kwa birika la nyumbani hatuhitaji asidi kali. Siki na maji kwa vipimo sawa, au maji ya ndimu, yatosha. Mimina hata ukoko ufunikwe, acha mpaka mapovu yatulie, mwaga, piga brashi, suuza mara mbili, kisha chemsha maji safi mara moja uyamwage. Ukoko ukibaki, rudia.

Lakini angalieni chombo chenyewe. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu. Asidi kali huila, na magadi makali ya kutengenezea sabuni, yaani sodiamu haidroksidi, huila vile vile. Hata siki isilale humo usiku kucha. Ndoo ya bati ina ngozi ya zinki, nayo haipatani na asidi. Tena, siki au asidi nyingine isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, ile ile iliyotumiwa kuua askari karibu na Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915.

Basi wenzangu, na ninyi wazazi na wapishi wetu, kabla ya kumimina cho chote tuulize maswali matatu. Kilichoganda ni kitu gani? Chini yake kuna madini gani? Na kitakachotoka, kiwe hewa au maji, kitakwenda wapi? Asiyeweza kuyajibu yote matatu asianze kazi. Aliyeyajibu aianze mapema, ukoko ungali mwembamba kama karatasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika boila, ukuta huo hujijenga wenyewe kila siku moto uwakapo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne